Maadili katika Elimu ya Juu ya Kilimo: Kutoka Matuta ya Uluguru hadi Chuo Kikuu cha Morogoro

Kiasi cha kilomita 3 kutoka katikati ya mji wa Morogoro, chini ya miteremko ya milima ya Uluguru, kimesimama Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kila mwaka hutoka humo vijana wenye shahada za kilimo, misitu, ufugaji na utabibu wa mifugo, nao huenda kuwa maafisa ugani, watafiti, walimu na watumishi wa mabenki na makampuni. Wengi wetu tukiulizwa vijana hao wamepata nini pale chuoni, tutajibu kwamba wamepata ujuzi: wamejifunza habari za udongo, mbegu, wadudu, magonjwa na masoko. Jibu hilo ni la kweli, lakini halijakamilika. Pamoja na ujuzi huo, kila mhitimu huondoka na jambo jingine ambalo halikuandikwa katika cheti chake, nalo ni namna ya kumtazama mkulima. Ama amejifunza kumwona kuwa ni mwenzake katika kazi, ama amejifunza kumwona kuwa ni mtu wa kuamrishwa. Hakuna chuo cha kilimo kisichofundisha moja kati ya mambo hayo mawili, hata kama katika ratiba yake yote hamna mhadhara hata mmoja unaotaja neno maadili.

Katika makala haya twataka kulifuatilia jambo hilo kwa njia ya historia ya nchi yetu. Historia hiyo haianzi mwaka 1984, chuo kilipopewa hadhi ya chuo kikuu, wala haianzi na Uhuru.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe huko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Kituo hicho kilipata sifa kubwa katika ulimwengu wa wataalamu. Kazi yake kubwa ilikuwa ni kuichunguza mimea iliyotakiwa na viwanda na wafanyabiashara wa Ulaya: mpira, kahawa, mkonge, pamba, mti wa kwinini. Mtama na uwele, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikiwalisha watu wa sehemu kubwa ya nchi hii, havikupewa uzito kama huo. Hatusemi kwamba sayansi ya Amani ilikuwa ya uongo. Twasema tu kwamba kabla mtaalamu hajaishika darubini yake, kuna mtu aliyekwisha kuamua ni mmea gani utakaotazamwa, na kwa faida ya nani. Tena yafaa tuwatendee haki watu wa kituo hicho. Katika miaka ya 1930, wakati wa Waingereza, watafiti wa Amani walianza kazi ya kuzalisha aina za muhogo zenye kustahimili ugonjwa wa batobato, na uzao wa mihogo hiyo ulikuja kuwafaa wakulima hata wa Afrika ya Magharibi. Kituo kilikuwa kilekile na darubini zilikuwa zilezile. Lililobadilika ni swali.

Elimu yenyewe nayo ilitolewa kwa vipimo vya rangi. Huko Njoro, katika nchi ya Kenya, ilianzishwa mwaka 1939 shule ya kilimo ya Egerton, iliyotokana na ardhi iliyotolewa na Lord Egerton, nayo ilikusudiwa kwa vijana wa Kizungu waliotazamiwa kuwa wenye mashamba makubwa. Kijana wa Kiafrika wa Tanganyika, Kenya au Uganda aliyebahatika alikwenda Makerere, chuo kilichofunguliwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ambako mafunzo ya kilimo yalimwandaa kuwa msaidizi wa afisa wa Kizungu. Mmoja alifundishwa kilimo ili amiliki; mwingine alifundishwa kilimo ili amtumikie anayetawala. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita katika nchi zetu na kupendekeza kwamba elimu ya Waafrika itilie mkazo kilimo na maisha ya kijijini. Katika maneno yale mlikuwa na hekima, lakini wazazi wengi walishuku. Waliwaona watoto wa watawala wakisoma vitabu na kupata vyeo, huku watoto wao wenyewe wakihimizwa kushika jembe. Nani angewalaumu? Dharau ya kilimo ambayo hata leo twaiona kwa vijana wetu haikuzaliwa na uvivu. Ilizaliwa siku jembe lilipofanywa kuwa alama ya kushindwa, na kalamu kuwa alama ya kuokoka.

Matokeo ya elimu ya namna hiyo yalionekana mara mbili baada ya Vita Kuu ya Pili. Mara ya kwanza ilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, katika ule mpango mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947. Habari zake zimeandikwa sana, kwa hiyo tutazipitia upesi. Serikali ya Uingereza ilikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 ili ipate mafuta ya kula, na ujumbe uliotumwa kuichunguza nchi ulimaliza kazi yake kwa majuma machache tu ya mwaka 1946. Vikaletwa matrekta mengi, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kulimia. Kule Kongwa mvua zilikuwa haba, na udongo wakati wa kiangazi ulikauka ukawa mgumu mno. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36. Wagogo walioishi pale waliijua mvua ya kwao na udongo wa kwao, lakini hawakuhesabiwa kuwa ni watu wa kuulizwa.

Mara ya pili ni kule Uluguru, na hapa hatuna budi kukaa kidogo, maana mambo yenyewe yalitokea juu ya milima ileile inayokitazama chuo kikuu chetu.

Milima ya Uluguru ina miteremko mikali na mvua nyingi. Maji ya mto Ruvu, yanayonywewa Dar es Salaam, hutoka huko. Maafisa wa kikoloni waliogopa kwamba mmomonyoko wa udongo ungeiharibu milima na mito yake, na woga wao haukuwa wa bure. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaanzisha mpango wa matumizi bora ya ardhi ya Uluguru. Watu waliamrishwa kuchimba matuta mapana, yaliyokatwa mlimani mithili ya ngazi kubwa. Kazi ilikuwa nzito, nayo ililazimishwa kwa sheria na adhabu. Machoni mwa mtaalamu aliyesoma kitabu kilichoandikwa juu ya nchi nyingine, matuta hayo yalikuwa dawa iliyothibitika. Lakini katika sehemu nyingi za Uluguru udongo wa juu wenye rutuba ni mwembamba. Ulipochimba tuta la namna ile, uliufukia udongo mzuri na kuuleta juu udongo wa chini usio na chakula cha mimea. Mkulima aliyetii amri alivuna kidogo kuliko yule aliyekaidi.

Waluguru hawakuwa watu wasiojua kuilinda ardhi. Walikuwa na desturi yao ya kupanga majani na magugu katika mistari inayokata mteremko, na kuyafukia kwa udongo, hata shamba likawa na vidaraja vidogo vidogo vya kuyazuia maji yasikimbie. Njia hiyo ilikuwa nyepesi, ilirudisha rutuba, na haikuugeuza udongo chini juu. Tena kulikuwa na jambo la ardhi yenyewe. Kwa mila ya Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Mwanamume aliyelima katika ardhi ya ukoo wa mkewe alikuwa na sababu ya kujiuliza: nikilijenga tuta hili kwa jasho la miaka, watakaolirithi ni nani? Swali hilo halimo katika elimu ya udongo, lakini asiyelijua hawezi kuihifadhi Uluguru, hata akiwa na shahada tatu.

Mnamo Julai 1955 ghasia zilitokea Matombo, upande wa mashariki wa milima hiyo. Watu walikusanyika kuyapinga matuta, polisi wakatumia nguvu, na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango ule ukafa. Huko Usambara nako, katika bonde la Mlalo, mpango wa namna hiyo uliachwa miaka michache baadaye kwa sababu zilizofanana. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilipata nguvu kubwa mashambani kutokana na uchungu wa watu juu ya sheria za aina hii.

Lililo la kusikitisha zaidi ni hili: mmomonyoko wa udongo ulikuwa jambo la kweli. Maafisa wale hawakudanganya waliposema kwamba milima inaliwa na maji. Lakini kwa kuwa ukweli huo ulikuja pamoja na askari na faini, watu waliukataa ukweli pamoja na askari. Baada ya Uhuru ilikuwa vigumu sana, katika sehemu nyingi za nchi, kuzungumza juu ya hifadhi ya ardhi bila wazee kukumbuka amri za Mkoloni. Hivyo mtaalamu asiye na heshima haharibu kazi yake peke yake. Huiharibu hata ya yule atakayekuja baada yake.

Tena ujuzi wa wenyeji ulikwisha kuandikwa. Mwaka 1938, katika jarida lililosomwa na maafisa wa Tanganyika, ilichapishwa makala kuhusu Wamatengo wa milima ya Mbinga na namna walivyoihifadhi ardhi yao kwa mashimo yaitwayo ngoro. Kwa hiyo serikali ilijua, miaka mingi kabla ya ghasia za Matombo, kwamba mkulima wa milimani aweza kuwa mwalimu wa hifadhi ya udongo. Ilijua kwa kusoma, lakini haikuamini.

Tulipopata Uhuru tulihitaji wataalamu wetu wenyewe. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoanza mwaka 1963, kilikuwa na sehemu zake Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Wanafunzi wetu wa shahada ya kilimo walikwenda Makerere, na wale wa utabibu wa mifugo walikwenda Nairobi. Hapa nyumbani Chuo cha Kilimo Morogoro kilifunguliwa mwaka 1965, nacho kilitoa stashahada. Mwezi Julai 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzishwa, chuo cha Morogoro kikawa Kitivo cha Kilimo cha chuo kikuu hicho kipya. Misitu iliongezwa mwaka 1974, na utabibu wa mifugo mwaka 1976. Hatimaye, tarehe 1 Julai 1984, kitivo kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki dunia kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili ya mwaka huohuo huko Dakawa, katika mkoa huohuo wa Morogoro.

Kati ya tarehe hizo palipita mjadala mkubwa wa maadili, na msomaji kijana yampasa aufahamu. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Zaidi ya 300 kati yao walifukuzwa masomoni. Rais Nyerere aliushambulia moyo wa kujiona, akaupunguza mshahara wake mwenyewe pamoja na ya viongozi wengine. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi mwaka huo Elimu ya Kujitegemea. Maandishi hayo yalisema jambo ambalo vyuo vilikuwa havijazoea kuambiwa: kwamba shule zetu zilimfundisha mtoto kuamini kuwa maarifa yote ya maana yamo vitabuni, na kwamba mzee wa kijijini asiyesoma hana la kumfundisha mtu. Hata vyuo vikuu havikusazwa. Mwalimu alihoji kwa nini wanafunzi wa huko waoshewe vyombo na kufanyiwa usafi na watumishi, na akataka likizo zao zitumiwe, angalau kwa sehemu, katika kazi za jamii zinazohusiana na masomo yao. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaendelea mbele zaidi, likataka wanaoingia chuo kikuu wawe kwanza wamefanya kazi na kupata sifa njema za tabia. Masharti hayo hayakudumu, na mengi yaweza kusemwa juu ya ugumu wake, hasa pale sifa njema za tabia zilipopimwa na watu wenye upendeleo. Lakini swali lililouzaa uamuzi ule lilikuwa swali la haki: je, mtu anayesomeshwa kwa jasho la mkulima anamdai mkulima, au mkulima ndiye anayemdai yeye?

Hapa lazima tuseme kweli juu yetu wenyewe, maana si Mkoloni peke yake aliyemdharau mkulima. Katika tangazo la Iringa la mwaka 1972, Siasa ni Kilimo, TANU iliwataka viongozi na wataalamu wakichukue kilimo kwa uzito wa siasa. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini baada ya mwaka 1973, kuishi katika vijiji kulipokuwa amri, mamilioni ya watu walihamishwa, na maafisa waliozipanga nyumba katika mistari kando ya barabara mara nyingi hawakuuliza shamba la mtu liko wapi, maji yako wapi, wala udongo wa mahali pale waweza kulisha kaya ngapi. Katika wilaya nyingi zikatungwa sheria ndogo za kumlazimisha kila mtu alime ekari kadhaa za zao fulani, kama zilivyotungwa wakati wa Mwingereza. Waliozisimamia walikuwa ni watoto wetu, waliosoma katika vyuo vyetu. Na mwaka 1983, kwa Sheria ya Nguvu Kazi, watu wasio na kazi za kutambulika walikamatwa mijini na kupelekwa mashambani. Nia ilikuwa kupambana na uzururaji na njaa. Lakini tafakari ujumbe alioupata kijana aliyekuwa akitazama: kwamba shamba ni mahali pa kupelekwa mtu aliyepatikana na hatia.

Ujumbe huohuo hutolewa kila juma katika baadhi ya shule zetu, na hapa twawageukia walimu. Mwanafunzi amechelewa, apewe jembe. Amepiga kelele, akalime mita kumi. Amefanya vizuri, aachwe asome. Mtoto aliyelelewa hivyo kwa miaka kumi na mitatu huletwa Morogoro kwa sababu alama zake zimemfikisha huko, pengine baada ya kuukosa udaktari wa binadamu, na wahadhiri hutakiwa kumfanya aipende ardhi kwa miaka mitatu au minne. Elimu ya Kujitegemea ilitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunzia, ambapo wanafunzi wenyewe wangepanga, wangekosea, wangehesabu faida na hasara na kula matunda ya kazi yao. Kulifanya shamba hilo kuwa gereza dogo ni kuipindua shabaha yake yote.

Lugha yetu nayo imeyahifadhi mambo haya. Kwa miaka mingi mtaalamu wa kilimo aliyetumwa kijijini aliitwa bwana shamba, na alipokuwa mwanamke aliitwa bibi shamba. Jina hilo lilitamkwa kwa heshima, na wako wengi waliolistahili, waliotembea kwa baiskeli kutoka kitongoji hadi kitongoji na kujulikana kwa majina hadi leo. Hata hivyo, ubwana umo ndani ya neno lenyewe. Serikali siku hizi husema afisa ugani, lakini wakulima katika sehemu nyingi wangali wakisema bwana shamba. Pengine ni mazoea tu. Pengine bado hawajaiona sababu ya kulibadili.

Wako watakaotupinga kwa kusema kwamba sayansi haina maadili: udongo wenye chumvi ni wenye chumvi kwa bepari na kwa mjamaa, na kiwavi hauliza itikadi ya mwenye mahindi. Hoja hii ina nguvu, na mwalimu asiipuuze. Kwa hakika twamtaka mtaalamu aupime udongo kwa usahihi uleule popote alipo. Lakini usahihi wenyewe ni adili. Kijana anayefanya jaribio la mbegu, ikatokea kwamba mbegu aliyoitumainia imeshindwa, naye akaandika kwamba imeshindwa, ametenda jambo la uadilifu, hata kama msimamizi wake hakufurahi. Na yule anayepokea bahasha ya mwuza dawa kisha akamshauri mkulima kupulizia mara nne pale ambapo mara mbili zingetosha, hakuikosea kemia. Amemkosea mtu, na pamoja na mtu huyo amekosea maji ya kijiji kizima.

Chukua mfano wa maharage. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Sokoine kilitoa aina ya maharage iliyopewa jina la SUA 90, na mwaka 1997 ikafuata aina iitwayo Rojo. Mzalishaji wa mbegu za maharage aweza kupima kilo kwa ekari na ustahimilivu wa magonjwa, akadhani amemaliza kazi. Lakini maharage katika nchi hii hulimwa kwa wingi na wanawake, nao ndio wanaoyapika. Aina inayochukua muda mrefu kuiva humla mama kuni na saa zake. Aina yenye rangi isiyopendwa sokoni hurudi nyumbani ndani ya gunia. Kwa hiyo katika kazi ya namna hii muda wa kuchemka, rangi na ladha si mapambo ya kuongezwa mwishoni. Ni vipimo vya sayansi sawa na vile vingine. Ila hakuna atakayevipima kama hakuamini kwanza kwamba mwanamke aliye jikoni ana jambo la kumwambia mtu mwenye shahada.

Baada ya mwaka 1990 imani hiyo ilianza kupata mahali katika chuo chetu, na hapa ndipo Wamatengo wanaporudi katika hadithi yetu. Kuanzia mwaka 1994 wanataaluma wa Sokoine, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto na kwa msaada wa shirika la ushirikiano wa kimataifa la Japani, walikwenda kuchunguza kilimo cha Mbinga. Safari hii hawakwenda kufundisha. Walikwenda kuuliza.

Waliyoyaona yanastahili kusimuliwa darasani. Wakati mvua zinapokaribia kwisha, majani yaliyoota shambani hufyekwa, kisha hupangwa juu ya mteremko katika mistari inayokatana, hata shamba likafanana na wavu uliotandazwa mlimani. Kazi hiyo ni ya wanaume. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila jicho la wavu na kuufunika juu ya majani. Hapo hupatikana shimo katikati na matuta pande zote. Maharage hupandwa juu ya matuta. Msimu unaofuata huja mahindi. Mvua ikinyesha, maji hayakimbii mlimani bali hukaa katika mashimo, yakaacha humo udongo waliouchukua. Na yale majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea. Kwa njia hiyo miteremko ambayo mhandisi angeikataza kulimwa imelisha watu kwa vizazi vingi. Wamatengo walisukumwa kukaa milimani katika karne ya 19 kwa sababu ya vita vya Wangoni, nao iliwalazimu kuishi kwa ardhi ile au kufa. Hicho ndicho kilichokuwa chuo chao.

Tusije tukadhani kwamba ngoro ni dawa ya kila mlima, maana hilo lingekuwa ni kosa lilelile la matuta ya 1950, likivaa nguo za kienyeji. Ngoro hutaka nguvu nyingi, hasa za wanawake, na kila kizazi kina haki ya kuuliza kama mzigo huo umegawanywa sawasawa. Mkulima naye hukosea, na mila nazo zimo zinazodhulumu. Kumheshimu mkulima si kumkubalia kila neno. Ni kumsikiliza kabla ya kumpinga, na kumpinga kwa hoja, si kwa askari.

Kutokana na uchunguzi ule, mwaka 1999 chuo kilianzisha kituo cha maendeleo endelevu ya vijijini, ambacho kwa miaka mitano kilifanya kazi katika sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa milima ya Wamatengo. Ya pili ilikuwa Uluguru.

Katika kijiji cha Kindimba, wilayani Mbinga, wataalamu walikuwa wakiishughulikia ardhi na misitu. Wanakijiji walikuwa na haja nyingine iliyowabana zaidi: mashine ya kusaga nafaka. Mtaalamu wa zamani angewaambia kwamba hilo halihusiani na mradi wake. Hapa ilijengwa mashine inayoendeshwa kwa nguvu za maji ya mto. Na kwa kuwa mashine haiendi bila maji, na maji hayadumu pasipo miti katika vyanzo vyake, habari za hifadhi zikawa ni habari za unga. Vikundi vya wakulima vikaanzisha bustani za miche, mabwawa ya samaki na ufugaji wa nyuki, nao wanafunzi na wahadhiri wa Morogoro wakafika kujifunza kutoka kwao.